Duka la mawese Tandika lisilo na kibao: miezi minane nikiwa mteja, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa sabuni na mama lishe wenzangu, naandika hii kwa sababu kila wiki naulizwa inboksi "dada mawese unachukulia wapi" na nikisema nijibu mmoja mmoja sitamaliza. Nachukulia Tandika, kwenye duka ambalo halina hata kibao, ukifika sokoni uliza kwa mama wa mawese utaoneshwa, mlango wa bluu, madumu ya njano yamepangwa mpaka barazani. Mwezi wa nane huu sijahama. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza mbele kwa nini nimeibana.

Ila nianzie nilikotoka ili muelewe mbona nalisifia duka la mafuta kama vile nimepata shamba. Natengeneza sabuni za kuogea na za mche, mawese ndo uti wa mgongo wa kazi yangu, mengine ni nazi na mafuta ya mise, yale ya kokwa la chikichi. Kabla ya hapa nilikuwa na msambazaji mwingine, simtaji, kwake kila dumu lilikuwa na tabia yake. Leo linakuja jekundu zuri linanukia chikichi, wiki ijayo linakuja la kahawia lina harufu kali ya kukwaruza koo, kuna siku nilifika chini ya dumu nikakuta maji. Nikimuuliza yametoka wapi anasema Kigoma. Kigoma ipi, nani kakamua, lini? "Kigoma ni Kigoma tu dada." Nikanyamaza maana bei yake ilikuwa ya chini na mimi nilikuwa natafuta faida.

Kilichoniamsha ni oda. Hoteli moja ya Zanzibar ilitaka sabuni zangu kila mwezi, tukakubaliana mpaka harufu na ukubwa, mwisho meneja wao akanitumia karatasi moja ya maswali. Mafuta yanatoka kijiji gani. Shamba lilikuwa msitu lini. Mkulima analipwaje, kwa kipimo gani. Kuna watoto wanafanya kazi? Sikuwa na jibu hata la swali moja, na siwezi kuandika uongo kwenye karatasi nikaweka sahihi. Oda ikaenda kwa mtu mwingine. Niliumia, lakini kilichoniuma zaidi sio hela, ni kwamba miaka yote ile nawaambia wateja "hii ni asili kabisa, ni ya kwetu" na mwenyewe sijui ni ya nani.

Basi nikaanza kusoma. Mawese ya dunia hii, asilimia kama 85 yanatoka Indonesia na Malaysia, na hayo ndo yapo kwenye mafuta mengi tunayopima mtaani, biskuti, majarini, mpaka sabuni za dukani. Mnakumbuka 2022 bei ya mafuta ilivyopaa? Mwezi wa nne mwaka ule Indonesia ilifunga kuuza mawese nje, wakafungua tena mwezi wa tano, hazikufika hata wiki nne. Sisi ambao mchikichi ni mti wa Afrika, asili yake Afrika Magharibi, Kigoma ipo, Rumonge ya Burundi ipo ng'ambo tu ya mpaka, Congo ipo, tunasubiri kontena kutoka Asia.

Huko Asia nako kuna historia nzito. Mwaka 2015 moto Indonesia uliunguza hekta kama milioni 2.6, misitu na ardhi ya mboji, na sehemu ya moto ule ilikuwa ni watu kusafisha ardhi ya kupanda michikichi. Mwaka 2020 Marekani ikazuia mafuta ya kampuni mbili kubwa za Malaysia, FGV na Sime Darby, kwa tuhuma za watu kufanyishwa kazi kwa nguvu (ile ya Sime Darby waliiondoa 2023 baada ya kampuni kurekebisha mambo na kurudishia wafanyakazi fedha). Kwa hiyo yule meneja wa hoteli hakuwa ananisumbua, alikuwa anauliza kitu cha kweli. Na sasa Ulaya wana sheria ya 2023 inayotaka mawese yakiingia kwao yajulikane yametoka kipande gani cha ardhi, na kipande hicho kisiwe msitu uliokatwa baada ya Desemba 2020. Tarehe ya kuanza kuitumia wameisogeza mara mbili, ila wanunuzi wameshaanza kuuliza.

Kuna watu wataniambia si ununue yenye nembo ya RSPO, ule umoja wa kimataifa unaotoa vyeti vya mawese yaliyolimwa vizuri, yaishe. Jamani nembo ile naiheshimu, hao walianza 2004 na leo karibu sehemu moja ya tano ya mawese ya dunia ina cheti chao, sio kazi ndogo. Lakini someni vizuri maana ina ngazi. Kuna mafuta yanayotoka kiwandani mpaka kwako bila kuchanganywa na ya kwingine, hayo unaweza kuyafuata mpaka kinu kilichoyakamua. Kuna yanayochanganywa lakini yote ya vyeti. Alafu kuna ngazi ambayo yenye cheti yanachanganywa na yasiyo na cheti na kinachohesabiwa ni kiasi kwenye vitabu. Ni kama upeleke gunia zako kumi za mchele wa Kyela ghalani, wachanganye na mchele wa kila mahali, ukienda unapewa gunia kumi na karatasi inayosema una haki ya gunia kumi za Kyela. Hesabu ni halali na imeandikwa, na pesa ya ziada inafika kwa aliyelima vizuri, ila ulichokula hukijui. Na cheti chenyewe kina gharama, ukaguzi, makaratasi, mkulima wa heka mbili tatu atakipatia wapi peke yake? Hata Indonesia wakulima wadogo wanashika karibu asilimia 40 ya mashamba ya michikichi, na hao ndo wengi wanabaki nje ya vyeti. Ukimwambia mnunuzi mkubwa "usinunue pasipo na cheti", anachofanya ni kumkimbia mdogo na kwenda kwa mwenye shamba kubwa.

Hapo ndo naingia kwenye duka la Tandika, maana huyu mama hakumkimbia mtu.

Siku ya kwanza nilienda nimejaa maswali kama yule meneja. Nikamuuliza haya yametoka wapi. Hakunijibu, akavuta daftari, lile kubwa la kaunta, akaangalia namba iliyoandikwa kwa wino mzito kwenye shingo ya dumu, akanionesha mstari: kijiji, kinu, tarehe ya kukata mikungu, tarehe ya kukamua, kilo za chikichi zilizoingia, bei aliyolipwa mkulima. Nikachagua dumu lingine la nyuma kabisa makusudi. Nalo lipo. La tatu halikuwa na namba, akaniambia hilo hakuuzii kama la daftari, hilo limenunuliwa gulioni wakati mzigo umepungua, bei yake iko chini na anakwambia kabisa. Nilinunua moja siku ile nikaenda kulijaribu.

Kwenye sabuni tofauti yake ni hii. Mawese yaliyokaa sana kabla ya kukamuliwa asidi inapanda, maana tunda la mchikichi likishakatwa linaanza kuharibika ndani, viwanda vikubwa vinajitahidi kulipika ndani ya siku moja. Mawese ya asidi nyingi ukiyatia kostiki (ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) yanashika ghafla kabla hujakoroga vizuri, sabuni inatoka na mabonge na harufu haifichiki hata uweke manukato gani. Mimi kwa kilo moja ya mawese napima kama gramu 140 za kostiki, na kwa mafuta ya huyu mama hesabu hiyo inakubali kila safari. Miezi minane sijamwaga hata beseni moja! Kabla ya hapo nilikuwa namwaga. Na kwa wapishi, dada yangu anauza ndizi na sombe (kisamvu), anasema haya hayatoi ule moshi wa kuchoma macho mapema na rangi inabaki kwenye mboga.

Kitu kingine, msiogope mkikuta dumu limeganda chini wakati wa baridi la mwezi wa saba. Hiyo sio feki, mawese halisi yana sehemu nzito inayokaa chini na nyepesi juu. Weka dumu kwenye maji ya moto, tikisa, ndo upime, ukimimina ya juu tu unapata mafuta tofauti na hesabu yako inaharibika. Afadhali uogope yale mekundu mno yanayong'aa kupita kiasi, Ghana mwaka 2015 walikuta wauzaji wanatia rangi ya viwandani inaitwa Sudan IV kwenye mawese ili yaonekane mazuri, rangi ambayo haitakiwi kwenye chakula kabisa.

Mwezi wa tatu nikamwambia mama nataka kwenda kuona. Akasema twende, mi naondoka Jumatano. Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, nilifika miguu imevimba lakini sijutii hata kidogo.

Tulienda upande wa Simbo, kwenye kinu cha familia moja anachonunua toka zamani. Sikutegemea kinu kiwe vile, ni banda la bati, pipa la kuchemshia, mashine ya kukamua, na kina mama wanachambua chikichi wamekaa kwenye turubai. Michikichi mingi ya zamani kule ni ile ya kienyeji inayoitwa dura, kokwa lake nene nyama kidogo, mafuta yanatoka machache. Ile mipya ya tenera, nyama nene kokwa jembamba, miche yake inatoka TARI Kihinga, kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo hapo hapo Kigoma, toka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili. Mama wa Tandika anafanya hivi: mkulima anayemuuzia kwa misimu anamkopesha miche ya tenera, anakatwa kidogo kidogo kwenye mauzo, na sharti ni moja, inapandwa palipokuwa na michikichi mizee au shamba la zamani, sio kufyeka kilima kipya. Ukijua kwamba Gombe na sokwe wake wako mkoa huo huo, na vilima vingi kuzunguka hifadhi vilishabaki vipara, utaelewa mbona hilo sharti ni la maana. Na mwenyewe anaenda kuona shamba kabla ya kutoa mche, nilimuona kwa macho yangu anapanda mlima na kandambili.

Sasa kitu kilichonigusa zaidi ya vyote. Kwenye kinu cha pili alikuta matunda yamelundikwa siku sita, yameanza kuvunda, maana wakamuaji wengi wanaacha yalainike yenyewe ili kazi iwe nyepesi. Kwenye daftari walikuwa wameandika siku mbili. Yule msambazaji wangu wa zamani angenunua tu bila kuangalia. Kampuni ya vyeti pengine ingeandika barua ya kumtoa mtu. Mama akakaa chini, akamwambia mwenye kinu, baba, haya leo sinunui kwa bei ya daftari, nanunua kwa bei ya gulioni na nayaandika kama yalivyo, lakini niambie kwa nini yamekaa siku sita. Yule mzee akasema ukweli: kuni hazipo, zinatoka mbali na zimepanda bei, kwa hiyo wanasubiri matunda yajae ndo wachemshe mara moja. Kumbe shida haikuwa uvivu! Wakaanza kupanga pale pale, makapi ya chikichi na maganda ya kokwa yaliyokuwa yanatupwa nyuma ya banda yakaushwe yachomwe badala ya kuni, na mama akatoa hela ya kujenga jiko la kufunika, nusu zawadi nusu mkopo. Viwanda vikubwa duniani vinachoma makapi hayo hayo, sio maajabu, ila hakuna aliyewahi kukaa na yule mzee akamuuliza. Nilipouliza juzi daftari linasema kinu kile sasa kinakamua siku ya pili.

Kuhusu watoto pia aliuliza mbele yangu, kwa upole. Siku za shule mtoto haonekani kinuni, Jumamosi akimsaidia mama yake kuokota haina neno, ila kubeba mikungu na kukaa karibu na pipa la moto hapana. Kuna mama mmoja alisema mwanangu huwa anakuja mchana kwa sababu shuleni hawali. Halikutatuliwa siku ile, nisidanganye, lakini liliandikwa na mama kaniambia anaongea na kamati ya shule.

Malipo: mizani. Sio kwa kukadiria kwa macho, sio "mkungu mkubwa mkungu mdogo". Na bei ya kilo imebandikwa kwenye mlango wa kinu kwa karatasi, mkulima anaisoma kabla hajashusha mzigo. Alinieleza wazo hilo kalitoa Kalangala, Uganda, kwenye kisiwa cha Bugala, ambako wakulima wadogo wanauza kwa kiwanda chini ya mpango wa serikali na IFAD (mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kilimo) na bei inapangwa kwa fomula kila mwezi inatangazwa. Huko nako sio pepo, msitu mwingi ulikatwa kisiwani na kuna wakulima walikwenda mahakamani kudai ardhi yao, hilo nalo alilitaja mwenyewe. Kachukua la bei kaacha la ardhi, ndo maana nikasema huyu mtu anafikiri.

Haya sasa mabaya, maana sikulipwa kuandika hapa. Bei. Dumu la lita 20 la daftari ni ghali kuliko la gulioni kwa karibu elfu kumi na tano, na haipunguzi hata uchukue madumu mengi, anasema ukiniomba nipunguze unaniomba nimpunguzie mkulima. Mimi nilipandisha sabuni kwa mia mbili na wateja wawili wakaondoka, wengine wakabaki. Mzigo unaisha. Chikichi zikipungua msimu anaweza kukaa wiki tatu hana dumu la namba hata moja, na hataki kukuwekea akiba kama hujatoa nusu ya hela. Delivari hana, ni wewe na kirikuu yako. Simu hapokei akiwa safarini, na akiwa safarini kijana anayebaki dukani hajui kusoma daftari vizuri, mara moja alinipa dumu lisilo na namba kwa bei ya lenye namba, nilirudi mama akanirudishia tofauti bila maneno.

Na hiyo nyota niliyoibana ni hii: daftari ni la kwake mwenyewe. Hakuna mtu wa nje anayekuja kulihakiki. Mimi nilienda nikaona vinu viwili kati ya tisa anavyonunua, hivyo saba namuamini yeye. Nimemwambia waziwazi, mama, siku moja mnunuzi mkubwa atakuja na hatakuamini kwa sura. Alikubali. Sasa tunashauriana wateja watano sita tuwe tunachangia nauli, kila msimu mmoja wetu anaenda kinu asichokichagua mama, anakagua, anaandika kwenye daftari hilo hilo na sahihi yake. Anayetaka kuingia kwenye mchango aniambie, kwa sasa tuko wanne na safari inayofuata anaenda mwenzetu wa Mbagala anayetengeneza sabuni za kipande.

Yule meneja wa Zanzibar nilimuandikia tena mwezi uliopita, nikampigia picha kurasa za daftari na ile karatasi ya bei mlangoni, kwenye swali la watoto nikaandika kama nilivyoandika hapa, pamoja na yule anayekuja kwa njaa. Kajibu anataka sampuli ishirini.

Kesho kutwa nakwenda kuchukua madumu manne. Nilimuomba na ya mise aniandikie kwenye daftari ili nimalize karatasi yote ya hoteli. Kakataa. Anasema kokwa zinapita mikono mingi, kina mama wanazigonga majumbani na kumuuzia mtu anayepita na baiskeli, na yeye mpaka sasa amewafahamu kina mama kumi na mmoja tu. Wengine bado anawatafuta, na mpaka awapate nitaendelea kuandika "mise: haijulikani" kwenye ule mstari.